Mabamba Tisini, Sikio Moja

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimepandishwa cheo. Niliishia pale makusudi, kwa sababu yaliyofuata yananitia haya hadi leo.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Justus, mzaliwa wa Bunyore. Mwaka wa 2014 ajenti wa Nairobi aliniambia naenda Saudia kuendesha gari la familia. Nilipofika Riyadh familia haikuwepo, gari halikuwepo. Kulikuwa na stoo imejaa fulana za kuzuia risasi, na kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, Abu Rakan, mtu mnene mwenye haraka zake, akanionyesha rafu ya kuanzia kubeba.

Miezi saba nilibeba. Kila fulana ina bamba la mbele na bamba la mgongoni. Bamba ni jepesi, kilo mbili na kitu, upande wa nje kauri, upande wa ndani nyuzi zilizobanwa zikawa ngumu. Abu Rakan alizoea kuwaambia wateja, "Kauri inavunja meno ya risasi, nyuzi zinaidaka." Ubaya ni mmoja. Likianguka, kauri inaweza kupasuka ndani ya kitambaa chake, na kwa nje usione hata mkwaruzo.

Ilikuwepo mashine ya kupiga picha za ndani, ikaharibika, na fundi wake yuko Dubai. Basi siku moja nikaligonga bamba kwa kifundo cha kidole, vile mama yangu na wateja wake hugonga vyungu pale soko la Luanda. Chungu kizima hulia. Chungu chenye ufa hujibu kwa uvivu. Nikasema, "Bosi, hili limekufa." Wakalikata kwa msumeno, wakaukuta ufa.

Tangu siku hiyo fundi wa Dubai hakuitwa tena. Mimi nikaitwa Abu Udhun, yaani Baba Sikio, na nikaacha kubeba.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nakiri yaliyobaki.

"Justus, yalla, haraka," akaniambia Abu Rakan Jumanne moja. "Kuna mabamba tisini yameshuka bandarini Jeddah. Nenda na Nahashon kesho. Gonga moja moja. Likiwa zima, bandika karatasi ya kijani. Bovu, nyekundu. Jumapili nakuja kwa ndege tumkabidhi mteja."

Mimi nilisikia neno moja tu, Jeddah.

Jeddah ndiko alikokuwa Selipher. Selipher ni binti wa Butere, anafanya kazi za nyumbani pale mtaa wa Aziziya. Tulijuana kwenye kikundi cha WhatsApp cha Wakenya, na kwa miezi minane tulikuwa tumependana kwa sauti tu, hadi tukachumbiana na nikamwomba Abu Rakan ruhusa ya kuoa. Uso wake niliujua kwa picha moja, na nusu ya hiyo picha ni mlango wa friji.

Nikampigia.

"Nakuja Jeddah."

"Wacha uongo, Justus."

"Kesho. Kwa kazi."

Akashusha sauti. "Alhamisi, saa kumi na nusu, maduka yakifunguliwa baada ya sala, madam huenda supamaketi. Mimi ndiye husukuma toroli. Simama kwenye mchele. Ukikosa hapo, hakuna siku nyingine, kwa sababu mimi sitoki."

Nikamwambia nitakuwa kwenye mchele hata kama mchele utakuwa umeisha.

Jumatano alfajiri tukaondoka na Nahashon. Huyu Nahashon ni Mkisii, dereva mzuri, lakini ana imani moja mbaya. Anaamini dereva akihisi joto atalala. Kwa hivyo kutoka Riyadh alifungulia ile hewa baridi hadi mwisho wake, na yote ilinielekea mimi.

"Nahashon, punguza."

"Unataka tufe?"

"Nataka nisife kwa baridi."

"Vaa fulana. Si tumebeba fulana huko nyuma?"

Tulifika Jeddah jioni, tukalala kwa rafiki yake pale Al-Hindawiyah, na Alhamisi nilipoamka masikio yote mawili yalikuwa yameziba kana kwamba mtu ameyafinyangia ugali. Nahashon alikuwa ananiambia jambo kuhusu chai. Niliona midomo tu.

Nikaenda bohari ya bandarini hivyo hivyo. Nikalitoa bamba la kwanza, nikaligonga, nikasikia mlio mmoja butu. Tu.

La pili, tu. La tatu, tu. Nikaokota moja ambalo kona yake ilikuwa imemeguka, limeharibika wazi, hata Nahashon angeliona kutoka barabarani. Nikaligonga. Tu.

Hapo nikajua mabamba hayana neno. Lililokufa ni sikio.

Sasa, ndugu msomaji, mtu mwaminifu angefanya nini? Angempigia bosi. Na mimi nilimpigia. Nikaibana simu kwenye sikio la kulia, lile lililokuwa na nafuu kidogo.

"Bosi, mathalani sikio lingekuwa na shida kidogo, ingekuwaje?"

"Kama sikio lina shida, rudi Riyadh na Nahashon leo adhuhuri, nimwite fundi wa Dubai. Sikio lina shida?"

Nikatazama saa. Nikaona toroli, nikaona mchele, nikaona nusu ya friji.

"Hakuna shida, bosi. Nilikuwa nauliza tu."

Ndiyo hiyo dhambi yenyewe. Nimezunguka sana kuifikia, lakini ndiyo hiyo. Nilikaa chini nikayagonga mabamba yote tisini bila kusikia hata moja, na nikabandika karatasi za kijani themanini na tisa. Lile la kona iliyomeguka nililipa nyekundu. Niliona nyekundu moja itafanya kazi ionekane kazi.

Nahashon alikuja akasimama juu yangu. Akanisogezea mdomo sikioni.

"Umemaliza? Si juzi kumi yalikuchukua asubuhi nzima?"

"Nimezoea."

Akaenda kuwasha gari, akarudi Riyadh. Jioni hiyo hiyo mteja alituma watu wakayachukua mabamba yote ya kijani, wayashonee ndani ya fulana kabla ya makabidhiano ya Jumapili.

Saa kumi na nusu nilikuwa kwenye mchele.

Nilimjua kabla hajageuka. Abaya nyeusi, toroli limejaa, na mbele yake madam anachagua dengu. Selipher akalisukuma toroli hadi kando yangu, akainamia gunia la mchele wa kupikia pilau, akaanza kuongea na hilo gunia.

Sikusikia kitu.

"Nini?" nikasema.

Selipher akashtuka. Madam akageuka. Selipher akaokota mfuko akausoma maandishi yote, mbele na nyuma, mpaka madam akarudi kwa dengu zake.

Akaongea tena, chini kuliko mwanzo.

"Sikusikii," nikamwambia. "Sogea kulia."

Akasogea. Akanong'ona moja kwa moja kwenye sikio la kulia, na hayo ndiyo maneno ya kwanza ya ana kwa ana ambayo mchumba wangu aliwahi kuniambia: "Wewe ndiye wanamwita Baba Sikio?"

"Ni hewa ya kwenye gari."

"Limeziba lini?"

"Leo asubuhi."

"Na ile kazi uliyoitiwa umefanya lini?"

Angalia vile uongo mmoja hutafuta mwenzake. Nikasema, "Jana. Nilipofika tu."

Akashusha pumzi. Usoni akatulia kabisa, na nikaona kwa mara ya kwanza ile nusu iliyokuwa imefichwa na friji, na ilikuwa nzuri kuliko nusu niliyoizoea.

"Afadhali," akasema. "Kwa sababu kaka yangu Elphas ni mlinzi wa hiyo kampuni mnayowauzia. Wao hulinda magari ya benki. Mwezi jana mwenzake alipigwa risasi ya bega, na tangu hapo Elphas hali vizuri. Nimemwambia asiogope. Jumapili anavaa fulana ambayo Justus wangu ndiye ameigonga."

Nikashika rafu.

"Elphas yupi?"

"Nina kaka wangapi? Yeye ndiye mkubwa wangu. Yeye ndiye atakwenda kwa baba kuzungumza habari zetu. Mbona umebadilika?"

Kabla sijajibu madam alikuwa ameshafika, anataka kujua huyu ni nani. Selipher akasema kwa upole kabisa kwamba huyu mtu haelewi mchele na anaomba msaada. Madam, mama mwenye roho nzuri, akanieleza aina zote za mchele mmoja baada ya mwingine kwa Kiarabu, kwenye sikio la kushoto lisilosikia. Nikaitikia zote. Nikatoka pale na gunia la kilo kumi begani, na sikuwa na mahali pa kulipikia.

Ijumaa na Jumamosi nilihangaika na hilo sikio. Mafuta ya vuguvugu, mvuke wa tangawizi, kuruka kwa mguu mmoja. Rafiki yake Nahashon pale Al-Hindawiyah alinipiga kofi la kisogoni bila kuniambia, akasema ndivyo kwao hufanya. Halikufunguka. Na hata lingefunguka, mabamba yalikuwa kwa mteja yanashonewa ndani ya fulana.

Nilijiambia pengine yote ni mazima. Kisha nikakumbuka katika kila mzigo mimi hukuta mabovu mawili au matatu. Hakuna mzigo uliowahi kutoka meli mzima wote.

Jumapili asubuhi Abu Rakan alifika, tukaenda naye hadi uwanja wa shabaha wa mteja, nje ya mji, jangwani kabisa. Bosi alikuwa amejipaka udi wa siku ya harusi. Akanikumbatia, akanipa shavu la kulia, akanipa la kushoto, na ule udi ukanipanda puani. Nikapiga chafya moja nzito.

Masikio yakafunguka yote mawili. Neno la kwanza nililosikia sawasawa baada ya siku tatu lilikuwa la Abu Rakan: "Umeyagonga yote, sivyo?"

"Yote, bosi."

Na kwa hilo sikumdanganya.

Mbele yetu walikuwa wamesimama walinzi arobaini, wengi wao Wakenya, kila mmoja ndani ya fulana mpya. Ukumbuke hawa hawapewi bunduki. Bunduki wanashika wenyeji. Wakenya wanapewa kirungu na kifua.

Nikaona nafasi. Nikamwambia bosi, "Kwetu mwenye kuuza kitu huenda akamsalimia anayekivaa." Hakuna desturi kama hiyo. Bosi akasema ni jambo zuri sana, nenda.

Nikaanza mwanzo wa mstari. Mkono wa kulia namsalimia mtu, mkono wa kushoto namgonga kifuani. Ting. Safi. Namkumbatia, namgonga mgongoni. Ting. Naenda kwa wa pili.

"Habari ya kazi?" Ting.

"Mzima wewe?" Ting.

Wa sita akaniuliza, "Bro, unabisha hodi kwa nani?"

"Kwa mzee wa nyumba," nikasema, na wote wakacheka, na nikaendelea. Ishirini wakapita. Thelathini wakapita. Kila mmoja ting mbele, ting nyuma. Jasho likaanza kunikauka. Nikaanza hata kuimba kidogo kimoyomoyo.

Wa mwisho alikuwa jitu la mtu, mwenye paji la uso la Selipher. Akanikamata mkono kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema. "Ndimi Elphas. Tangu nisikie ni wewe uliyeyagonga, nimelala usingizi wa mtoto siku tatu."

Nikamgonga kifua. Pu.

Nikagonga tena. Pu. Nikahamia kushoto kidogo, nikahamia kulia. Pu, pu. Kati ya watu arobaini, lililokufa lilikuwa moja, na lilikuwa juu ya moyo wa shemeji yangu.

"Hodi ngapi, shemeji? Karibu ndani," Elphas akasema akicheka.

"Vua hii," nikamwambia polepole. "Limekufa."

"Lina karatasi ya kijani."

"Najua. Nimebandika mimi."

"Basi?"

Hapo Kapteni akafika. Kapteni ni mkubwa wa hiyo kampuni, mwanajeshi mstaafu, masharubu yamechanwa, mtu anayependa kutazamwa akifanya jambo lolote. Akamuuliza Abu Rakan huyu Mwafrika anasema nini na mlinzi wake.

"Anasema fulana ni nzuri sana," bosi akajibu.

Hapa nilikuwa na njia mbili. Ninyamaze, Elphas avae bamba lililokufa kila siku kwenye gari la benki, na mimi nioe dada yake. Ama niseme.

"Mafi kwayyis," nikasema. "Hii si nzuri. Imepasuka ndani."

Bosi wangu alibadilika rangi kuanzia shingoni kwenda juu. Akanivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasipoti yako iko kwenye droo yangu. Ulitaka ruhusa ya kuoa? Halas, basi. Hakuna ruhusa, hakuna harusi, hakuna sikio."

Lakini Kapteni alikuwa amefurahi. Hakuwahi kumwona muuzaji akitukana bidhaa yake. Akamvua Elphas fulana, akaifunga kwenye gunia la mchanga, akarudi nyuma hatua hamsini na bunduki, akahakikisha kila mtu anamtazama.

Akapiga moja.

Tukaenda wote kutazama. Mbele kulikuwa na tundu. Kapteni akaifungua fulana, akalipapasa gunia. Hakuna tundu. Mchanga wote ulikuwa ndani. Bamba lililokufa lilikuwa limeidaka risasi ya bunduki.

Sijawahi kuaibishwa na habari njema namna ile.

Abu Rakan akainua mikono mbinguni. "Umeona? Hata ile anayosema ni mbovu, inazuia. Sasa fikiria zile anazosema ni nzuri."

"Bosi, sasa ndiyo limekwisha kabisa," nikasema. "Kauri huzuia kwa kuvunjika. Hili lilikuwa na ufa, sasa ni vipande." Nikaitingisha ile fulana ili wasikie vipande vikicheza. Chaka, chaka.

"Nyamaza," bosi akasema.

Na walinzi je? Ndugu zangu Wakenya walikuwa wamemzunguka Elphas, wanaitazama ile fulana kwa wivu.

"Hiyo imejaribiwa," mmoja akasema. "Hizi zetu ni za kuambiwa tu."

Mwingine akamfuata Kapteni akamuuliza kwa heshima kama na yake inaweza kupigwa moja, ili naye awe na uhakika. Wakaanza kupanga foleni. Walinzi zaidi ya kumi, kila mmoja ameshika fulana mpya nzima, anaomba iharibiwe.

Elphas akaipokea yake, akaitia mwilini, akajifunga mikanda. "Mimi siivui hii hadi mkataba uishe," akasema.

"Elphas, nakuomba. Ivue. Ilikuwa na nguvu za kuzuia risasi moja tu, na imeshaizuia."

"Shemeji, nimeona kwa macho."

Kisha Kapteni akapiga makofi. Maonyesho yalikuwa yamemnogea. Akasema bunduki tumeona, sasa tumalizie na bastola, na safari hii mtu awe ndani. Bastola si kitu mbele ya fulana kama hii, akasema. Nani mwanamume?

Elphas akatoka mbele hata kabla sijatafsiri.

Nikakimbia nikasimama mbele yake. Sikujali tena ruhusa wala droo. Nikamwambia kwa Kiswahili mbele ya Wakenya wote: "Sikiliza. Alhamisi nilipoyagonga haya mabamba masikio yangu yalikuwa yameziba. Sikusikia hata moja. Nilibandika kijani kwa sababu nilitaka kumwona Selipher saa kumi na nusu. Nilikuuza kwa dakika tano za kusimama kwenye mchele. Leo ndiyo nasikia, na nakwambia hilo bamba ni vigae."

Nilidhani atanipiga. Elphas alinitazama tu, na lile paji la uso likakunjamana.

"Kwa hivyo Alhamisi hukuwa unasikia," akasema, "ukasema zote ni nzuri. Leo unasikia, ukasema hii ni mbovu, na imezuia risasi. Sasa nikuamini siku gani?"

Nikazidi kusimama mbele yake.

"Yalla, yalla," Kapteni akaita.

Elphas akaanza kwenda kwenye ukuta wa shabaha. Nikamshika mkanda. Akanisukuma, nikamrudia. Nikaufungua mkanda wa kwanza, nikaufungua wa pili, tukavutana mbele ya watu arobaini hadi ile fulana ikabaki mikononi mwangu, na kwa kuwa sikujua pengine pa kuiweka asiichukue, nikaivaa.

Kapteni akacheka. "Vizuri zaidi. Anayegonga ndiye avae."

"Kapteni, nipe nyingine yoyote," nikasema. "Ziko thelathini na tisa nzima."

"Hapana. Hiyo hiyo."

"Mwache avae," Abu Rakan akasema haraka. "Yeye ndiye mtaalamu wetu."

Nikasimama ukutani. Nikagonga kifua changu mara moja kwa kifundo cha kidole, kwa mazoea tu. Chaka. Na masikio yangu siku hiyo yalikuwa yanasikia kila kitu, hata nzi.

Mtu ataniuliza mbona sikukimbia. Nilifikiria. Lakini kila nilipogusa mkanda, Elphas alikuwa pale kando ameinyoosha mikono, anangojea fulana yake. Nikiivua mimi, anavaa yeye. Ndiyo sababu, na hakuna nyingine.

Elphas alikuwa ametoa simu, akapiga ya video. Alitaka dada yake aone. Simu ikalia mara nne, kisha nikaisikia sauti ya Selipher kutoka jikoni Aziziya, maji yanatiririka nyuma yake.

"Nani huyo ukutani? Justus? Mbona umevaa hiyo kitu?"

"Anajaribiwa," Elphas akamwambia. "Anasema Alhamisi alikuwa kiziwi, eti aliyagonga hayo mabamba bila kusikia. Mimi simwelewi. Wewe unamwelewa?"

Maji yakafungwa.

Kapteni akainua bastola. Akasema atahesabu hadi tatu, na kwamba nisitikisike, nisije nikamharibia shabaha.

"Justus," Selipher akasema, taratibu sana. "Si uliniambia uliyagonga Jumatano? Ulipofika tu. Kabla sikio halijaziba. Si ndivyo ulivyoniambia?"

"Wahid," Kapteni akahesabu.

Ningesema Jumatano, ningebaki na mchumba. Na kama risasi ingepita, ningezikwa nikiwa na mchumba. Nilitazama ule mdomo wa bastola, lakini nawaapia, jasho lilikuwa la lile swali.

"Itnein."

"Alhamisi," nikasema. "Ilikuwa Alhamisi, Selipher. Nilikudanganya."

Simu ikakatika. Sijui kama aliikata yeye ama ulikuwa mtandao, na Kapteni alikuwa hajamaliza kuhesabu. Hapo naishia tena, hadi wiki ijayo.